Muuza Mutura Apimwa Damu

Miaka kumi na tisa nimeugeuza utumbo,
ndani nje, nje ndani, penye bomba la nyuma ya Burma,
nikaukuna kwa kisu butu, nikaushindilia
nyama, damu, dania, pilipili, chumvi ya kukisia,
nikauchoma mpaka ukapiga mluzi,
na sikuwaza hata mara moja kwamba una la kusema.
Kwangu ulikuwa mfuko.
Shilingi ishirini kipande, kachumbari ya bure.

Alhamisi ikawa zamu yangu kugeuzwa.
Orofa ya tatu, kule hospitali ya juu,
tumbo tupu tangu jana saa mbili usiku.
Chepkemoi akasema, "Baba Wairimu, kunja ngumi."
Nikakunja kama mtu wa kupigana.
Kichupa cha kwanza, kifuniko cha zambarau,
akakitumbukiza kwenye ndoo ya barafu upesi upesi,
damu yangu ikapoa kama soda ya harusini.
Kisha akanipa kikombe, kinywaji cha kopo, kitamu,
mimi niliyenyimwa hata kijiko kwenye chai!
"Kimalize kwa dakika kumi."
Nikanywa kama mwizi aliyepewa ufunguo.

Kila nusu saa, kichupa.
Vichupa saba.

Nikamuuliza daktari, yule Mwikali mwenye miwani ya kamba,
mnatafuta nini humo ambacho sukari yenyewe haijawaambia?
Akavuta kiti.
"Chakula kikifika, utumbo wako hutuma tarishi.
Homoni. Mmoja hukimbilia kongosho:
amka, sukari iko mlangoni.
Mwingine hupanda ubongoni: yatosha, weka kijiko.
Kwa wenye ugonjwa wako, tarishi wengine hunong'ona tu,
au hupiga kelele na kongosho limeziba masikio."
"Na huo moyo mliouandika kwenye fomu?"
"Wanaupitia pia. Tunataka kujua wanaupelekea nini.
Heri, au onyo, au wanapita tu njia."
"Hamjui?"
"Bado."

Neno hilo, bado, nililipenda.
Wote waliowahi kunitibu walikuwa wanajua.

Nikamkumbuka Njuguna, kaka yangu, sukari miaka minane.
Aliinama kufunga viatu, Jumatatu, Makongeni,
akafunga kimoja.
Tukasema ni mawazo. Tukasema ni yule mwanamke.
Shangazi akasema kuna mkono wa mtu.
Daktari akasema moyo, na sote tukatikisa kichwa
kana kwamba moyo huishi peke yake,
hauna jirani, haupokei barua.
Kikulacho ki nguoni mwako, tulifunzwa shuleni.
Hatukufunzwa kupekua chini ya nguo,
chini ya ngozi, kwenye mikunjo ile miororo
niijuayo kwa vidole kuliko uso wa mama.

"Majibu yangu yatatoka lini?"
"Si yako peke yako. Mko mia tatu.
Tutawasoma pamoja, miaka mitano,
tuone ni nani moyo wake utakaoshtuka."
Alisema hivyo kwa upole, akaangalia dirishani.
Mia tatu! Nikawahesabu kwenye benchi la varanda:
fundi wa saa, mwalimu wa hesabu, mama wa mitumba wa Gikomba,
pamba kwenye viwiko, kila mmoja
na tarishi wake wanaokimbia gizani.

Jioni nilikuwa jikoni kwangu, moshi machoni.
Nikautoa utumbo kwenye beseni, mrefu, baridi, umenyamaza,
nikausogeza karibu na sikio.
Mkinitazama mngecheka.
Otuoma, mteja wa kila siku, alicheka:
"Kiragu, leo unaongea na nyama?"
Nikamwambia nasikiliza.
Ana kitambi kilichoanza mwaka jana,
na siku hizi huomba maji kabla ya salamu.
Nikamkatia vipande vitatu. Akaonja, akakunja uso.
"Ongeza chumvi, bwana."

Nikaichota.
Nikaishika kiganjani, juu ya ubao,
Otuoma akisubiri na mdomo wazi,
chumvi ikianza kulowa jasho langu.