Kijani cha Ruai

Droni ya Lemayian imerudi na Ruai nzima tumboni,
dakika kumi na moja, sekunde nne,
na yote ni kijivu.
Si kosa lake. Kamera hizi ndivyo zilivyo:
hupiga picha huku zimefumba rangi,
kufumbua wanakuachia wewe.

Kwa hiyo usiku huu, ghorofa ya tano, Pipeline,
natafuta programu ya kufumbulia.

Ya kwanza hukodishwa kwa mwezi, kama chumba hiki,
na kama mwenye nyumba wangu
haitaki kujua wateja hulipa lini.
Tarehe tano ikipita mlango unafungwa
na kazi zako zimo ndani.

Ya pili ni ya bure. Waliobobea wanaiapia.
Ina magurudumu ya rangi, ina mikunjo,
ina vipimo vinavyorukaruka kama moyo wa mgonjwa.
Lakini laputopu yangu ni ya mkono wa tatu.
Niliijaribu mara moja
feni ikanguruma kama kinu cha unga,
skrini ikaganda juu ya paa la mtu
nikapata nafasi ya kuhesabu misumari.

Ya tatu aliniletea Otuoma kwenye flashi,
imevunjwa kufuli, bei yake soda.
"Iko sawa," akasema, "ila usiiunganishe na mtandao,
na ikikuuliza jina lako, usijibu."

Gachanja kwenye simu:
"Mutheu, ploti zangu ziwe kijani.
Kijani kile cha kumtoa mtu arubuni
kabla hajauliza maji."
Halafu: "Jumatatu."

Nikarudi kwa ya pili.
Nikaipunguza video, ikawa nyepesi, ikawa na ukungu kidogo,
nikaipa laputopu uji badala ya ugali.
Ikameza.

Hapo ndipo nilipoona shida haikuwa programu.
Sisi rangi zetu tumeziita kwa vitu.
Kijivu ni jivu, kijani ni jani,
kahawia imetoka kikombeni,
kuna damu ya mzee, kuna maji ya kunde;
huwezi kutaja rangi mkono ukiwa mtupu.
Hapa gurudumu linazunguka,
namba inapanda, ishirini na mbili, thelathini,
kijani kinamwagika juu ya Ruai
na hakuna hata jani moja.

Dakika ya saba, mwanamke.
Mdogo kama punje ya ufuta,
anakatiza ploti namba arubaini na mtungi wa manjano.
Nilipopandisha kijani, mtungi nao ukageuka ndimu,
leso yake ikaota ukoka.
Nikachora duara, nikamzungushia,
nikamsogezea duara lake fremu kwa fremu
mpaka saa nane za usiku,
majirani wamelala, tokeni ya stima imebaki uniti mbili.

Sasa anatembea juu ya nyasi mbichi
kwenda kutafuta maji,
na vumbi linamfuata visiginoni,
vumbi la kweli, jekundu,
kwa sababu nalo lilikuwa ndani ya duara.

Gachanja alilipa nusu. Alizisifu nyasi.
"Lakini huyo mama," akauliza, "hawezi kutolewa?"

Nikamwambia programu ya bure haina uwezo huo.

Inao.
Uko kwenye menyu, safu ya tatu kutoka juu.
Nimeuona.