Nguzo ya Nne

Naingia chini ya nyumba kwa kifua,
tochi mdomoni, bisibisi mkononi,
kama daktari wa ng'ombe anayeanzia tumboni.

Hapa Maryborough nyumba za zamani husimama juu ya nguzo,
na kila nguzo huvikwa kofia ya bati,
si kuzuia mchwa, hapana, wao hawazuiliki,
bali kuwalazimisha watoke nje,
wajenge njia yao ya udongo
pale ambapo jicho la mtu litaiona.
Kofia ni shahidi, si askari.
Na shahidi asiye na wa kumsikiliza ni bati tu.

Nguzo ya kwanza, kavu. Ya pili, kavu.
Ya tatu ina buibui na kiatu cha mtoto
ambaye sasa anaendesha treni huko Rockhampton.
Ya nne
imeegemewa na mbao.

Mbao kumi na moja za msonobari, zimepangwa kwa upendo,
kila moja na neno lake la penseli: mlango, droo, ubavu.
Nyuma yake udongo umepanda, mwembamba kama kidole cha mwisho,
umeipita kofia bila hodi,
ukaingia sakafuni.
Navunja kipande, upana wa ukucha.
Punje za mchele zilizoota miguu zinakimbia,
na askari, vichwa rangi ya asali,
wanakuja kuziba tundu kwa miili yao.
Miaka thelathini na moja katika kazi hii,
sijaona kikosi chao kikirudi nyuma.

Juu, nagonga ukuta kwa mpini wa bisibisi.
Ngo, ngo, ngo: mti.
Ngo, ngo, po:
hapo ni rangi tu, inaukumbuka ubao.
Wahenga walituonya juu ya ufa,
lakini ukuta huu hauna ufa, Bi Noelene,
umepakwa rangi ya maziwa Pasaka iliyopita,
unang'aa,
na ndani yake hamna ukuta.

Kipimo cha unyevu kinalia kando ya kitanda.
Namuuliza kama husikia chochote usiku.
Anakunja taulo la jikoni mara mbili, mara nne.
"Nasikia. Tik, tik, tik. Tangu Agosti.
Nilidhani ni saa ya Mervyn.
Tulimzika bila saa yake, haikuonekana.
Nikasema labda iliangukia ukutani,
bado inakwenda."

Sikumwambia papo hapo kwamba askari wa mchwa
hugonga vichwa vyao kwenye mbao wanaposhtuka.
Nilimaliza chai yangu kwanza.
Kisha nikamwambia,
maana hiyo ndiyo kazi ninayolipwa.

Lachlan, mwanangu, alichimba mtaro kuizunguka nyumba.
Tukamimina dawa, udongo ukainywa kama mgonjwa mtiifu.
Bomba la kiyoyozi, lililokuwa likiinywesha nguzo ya nne
tone kwa tone kiangazi kizima, tukaligeuza.
Ukutani tukapuliza unga,
wataubeba wenyewe, wakirambana,
hadi kwa malkia aliye ndani ya mkaratusi wa jirani,
jirani ambaye hakujua kwamba anafuga.

Mbao hakutaka zichomwe.
Saba zilikuwa nzima.
Tukazilaza juu ya vyuma, mbali na kila nguzo,
mwanga upite chini yake.
Droo ilikuwa nzima. Mlango haukupona.

Baada ya wiki sita nikarudi,
nikaweka sikio ukutani, upande wa kitanda.
"Kimya?" akauliza.
"Kimya."
"Kimya sana," akasema, akitazama pengine.

Nikamwambia ukaguzi ni mara moja kwa mwaka,
tutaonana Novemba ijayo.
"Njoo kabla," akasema. "Njoo Februari.
Mvua huwa nyingi Februari."

Ndani ya sanduku la mita ya umeme
nikabandika karatasi yangu: jina la dawa, tarehe, simu,
na kwenye nafasi ya ukaguzi ujao
nikaandika Februari.