Herufi ya Pe

Nilimpigia Rayya kura kumi na nane,
baisa mia mbili kila moja. Riyali tatu na baisa mia sita,
nimezijumlisha mwenyewe nyuma ya risiti ya gesi.
Mume wangu akauliza: hii sadaka au kamari?
Nikamwambia nyamaza, anapanda jukwaani.

Sebule yetu ya Mabela imejaa,
wifi zangu wawili, mtoto wa jirani, sahani ya halua
isiyoguswa mpaka taa za ukumbi zikageuka buluu.
Rayya binti Sweidi, mjukuu wa dada yangu,
juzi tu nikimfunga vifungo vya sare ya shule,
leo gauni la kuazima, limebanwa mgongoni kwa pini.
Najua. Pini ni zangu.

Akaimba. Sisemi zaidi.
Hata kiyoyozi kilinyamaza,
au ndivyo nitakavyo kukumbuka.

Jaji wa kwanza, yule mama wa Kuwait mwenye pete,
alilia kwa uangalifu, wanja usimwagike.
Wa pili akasema yale asemayo kila Alhamisi.
Wa tatu ni Mundhiri.
Siku hizi Ustadhi Mundhiri, hukohoa kabla ya kusema,
na kalamu yake haiandiki kitu, naitazama wiki ya saba hii.

"Sauti njema," alisema, "ila ain yako imelowa.
Ain hutoka kooni, binti.
Yako inatoka ng'ambo ya bahari."

Ukumbi ukacheka. Wifi zangu wakanitazama.

Mundhiri! Mundhiri wa Bi Ghaniya wa vitumbua,
aliyefika Matrah ana miaka tisa, kandambili za rangi mbili,
akasimamishwa mbele ya darasa aseme ain, aseme tena,
mpaka akatapika uji.
Mama yake akimwita dirishani, "We Mundi, maji yamechemka!"
naye anatazama kwingine, kana kwamba Mundi ni mtoto wa watu.
Mimi nilikaa dawati la nyuma. Ain yangu
haikupona: mpaka leo muuza samaki hunijibu kwa Kiswahili.

Rayya akatolewa. Simu yangu ikalia:
kura zimefungwa, ahsante kwa kushiriki.
Muziki wa matangazo ukapanda, sauti za watu zikazama,
kamera ikachelewa kuhama meza ya majaji
na mtoto anapita mbele yao, mkono mgongoni,
pini zisije zikaachia.

Hapo nikaiona midomo ya Mundhiri.
Ilifungana, ikapasuka, ikafanya duara.
Neno moja, fupi.

Kiarabu hakina herufi ya pe.

Wifi mkubwa anasema: kasema bas, kwisha.
Huenda. Pe na be ni pacha midomoni,
siwezi kuapa, na msahafu sitaugusa kwa ajili ya televisheni.
Lakini bas haina duara.
Na Rayya, aliyekuwa ameshapita,
aligeuka.