Sufuria Isiyo na Chumvi

Mlangoni mwa jokofu, chini ya sumaku yenye umbo la bata,
daktari wa wanyama kaandika kwa wino wa kijani:
asipewe kitunguu, kibichi wala cha kupikwa,
asipewe zabibu kavu,
asipewe chokoleti, hata akilia.
Ubavuni mwake karatasi ya pili, ya daktari wa watu:
Bwana Lockhart, chumvi marufuku,
vya kukaanga marufuku, sukari apimiwe.
Wiki ya kwanza nilizichanganya.
Nikamnyima mzee zabibu zake,
akanitazama kana kwamba nimemwibia jino.

Mimi Chausiku, mtu wa Korogwe.
Kwetu mbwa hakanyagi sebuleni.
Mbwa wa jirani tulimtupia ukoko uliotushinda,
kwa mbali, tukirudi kinyumenyume
kama aliyewasha fataki.
Sasa nione: Paisley, saa kumi na moja jioni,
giza lilishaingia zamani, mvua inapiga kwa ubavu,
na mbwa kaweka kidevu juu ya goti langu
kama mdai aliyeamua kusubiri.

Anaitwa Bobini.
Mzee alikuwa fundi mashine kiwanda cha nyuzi, miaka thelathini na minne.
Kiwanda siku hizi ni nyumba za wenye nazo.
Uzi uliobaki ni huyu,
anayetuzunguka miguuni mpaka tunaswe.

Tatizo ni mkono wa kushoto wa mzee.
Wa kulia unashika uma, una adabu zake.
Wa kushoto huteremka chini ya meza
na soseji,
na ukingo wa mkate,
na siku moja, kipande kizima cha keki ya zabibu.
Tukakimbia na Bobini kwa teksi,
akatapishwa: paundi mia mbili na arobaini.
Mzee kalia njia nzima ya kurudi.
"Aliomba," kasema. "Ningemwambiaje hapana?
Aliomba."

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe.
Huyu alikaribia kufa kwa sababu alikula nawe.

Tangu siku hiyo napika hivi:
kuku asiye na ngozi, wali, karoti,
bila kitunguu kwa ajili ya mbwa,
bila chumvi kwa ajili ya bwana.
Napakua mara mbili kutoka sufuria moja,
sahani ya mezani, sahani ya sakafuni.
Mkono na ushuke. Na ugawe utakavyo.
Kila kinachoshuka ni halali.

Sufuria yangu ni nyingine, niliyokuja nayo ndani ya begi,
imefungwa kwa khanga isigongwe.
Hiyo inakaanga vitunguu
mpaka jirani wa juu afungue dirisha, baridi yote hiyo.
Nakula nimesimama, karibu na sinki,
na wao wawili wananitazama,
macho manne ya rangi ya chai ya rangi.
Nageukia ukuta.
Nilifunzwa tangu utoto kwamba kulisha ni kupenda.
Hii nyingine sikufunzwa na mtu,
ya kumnyima unayempenda
huku mate yake yakidondokea kiatu chako.

Jana jina langu lilimpotea mzee.
Aliniita Morag, ambaye ni dada yake,
ambaye alifariki nikiwa bado sijazaliwa.
Nilikuwa nimeketi kando yake, namkatia nyama.
Mkono wa kushoto ukashuka.
Bobini akajiweka tayari, masikio juu.
Lakini haukwenda kwake.
Ulinitafuta mimi, chini ya meza, kwa siri,
ukanipapasa goti, ukanifunua kiganja,
ukaniwekea kipande cha kuku kilichokwisha kupoa.
"Upesi," akanong'ona, "mama asione."

Nikala.
Hakikuwa na chumvi. Hakikuwa na kitu.
Nikatafuna polepole, nimeinamisha kichwa,
na Bobini akanikodolea macho
kama ndugu aliyepunjwa kwenye mirathi.