Usipulize, Nyamizi

Alikuwa anapuliza makaa.
Sikumpa kazi kubwa: gome kavu la mtundu,
kinyesi cha ng'ombe, cheche mbili ndani ya mkebe,
apulize, moshi ukolee, nami nipande mzingani.
Miaka minane, na anayaamini mapafu yake.
Akapuliza, akapuliza, mashavu kama chura wa masika,
kisha mkebe ukamponyoka.

Nilidhani nyuki.
Mkono wa kulia ulikuwa umelala pembeni yake
kama kitu alichoazima kwa jirani.
Nikamwita. Midomo ikalitafuta jina langu
ikapata mate tu.
Nikaanza kuhesabu, sijui nilihesabu nini. Miti.
Mkono uliporudi, aliniuliza:
"Baba, moshi umetosha?"

Ikatokea tena, kwa uji wa moto.
Tena, alipolia msibani kwa bibi yake.
Watu wa Ipole walisema mengi; nimeyaacha hukohuko Ipole.
Kitete wakatuandikia barua, treni ikatufikisha Dar,
kwenye mashine inayogonga kama fundi bati
aliyedhulumiwa ujira.

Daktari Gwakisa akaibandika picha penye mwanga.
"Unaitwa moyamoya."
Nikajishika kifua: "Moyo? Si kichwa?"
Hakucheka. Ni neno la Wajapani, akasema,
la kitu chenye ukungu, kama moshi unaopepea. Tazama.
Nikatazama.
Moshi ule nilikuwa naufahamu.
Ulikuwa umetanda chini ya ubongo wa mwanangu
kama unavyotanda mdomoni mwa mzinga
kabla upepo haujaamua.

"Mishipa mikubwa inajiziba,
ukuta wake unanenepa kwa ndani.
Ubongo ukishikwa na kiu, huita.
Humwaga vichochezi vya ukuaji,
na vyenyewe vinajua neno moja: chipua.
Ndipo inapochipua hii, myembamba, mingi, dhaifu."

Nilielewa. Daraja la Sikonge likisombwa
hatukai tukalilia daraja;
kila mtu na baiskeli yake hutoboa kinjia porini.
Vinjia mia. Na kimojawapo
siku moja hudidimia na gunia lako.

"Basi hivyo vichochezi ni vya heri?"
Akavua miwani. Akaifuta, ingawa ilikuwa safi.
"Tunashuku ni hivyohivyo
vinavyounenepesha ukuta wa mshipa mkubwa.
Hatujui vilikuja kuzima moto
au vilikuwapo ulipowashwa."
Nilimpenda kwa hilo *hatujui*.
Hata mvua husema chipua,
hulisema kwa hindi na kwa gugu,
kwa sauti ileile, usiku uleule.

Akanieleza kuhusu kupuliza:
pumzi ikitoka kupita kiasi, mishipa ya kichwa husinyaa,
na palipo na tone, tone hukatika.
Kwa hiyo ni mimi niliyempa ule mkebe.
Nimelisema. Sitalisema tena.

Wakachukua mshipa wa juu ya sikio,
ule uliokuwa ukinidundia shingoni nilipombeba mtoto,
wakafungua fuvu, wakaulaza juu ya ubongo.
"Mkaushona?"
"Tumeulaza tu."
"Kisha?"
"Tunangoja. Ubongo utaita. Vichochezi vilevile
vitaushika mkono huu mpya."

Mwenzangu alilia. Mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu,
maana hiyo ndiyo kazi yangu.
Mzinga mtupu unaupaka nta, unautundika mningani,
unashuka, unakwenda zako.
Nyuki hawaburutwi.

Sasa ni mwezi wa saba tangu turudi.
Picha mpya bado; barua inasema Novemba.
Kovu limefuata njia ya mshipa,
na nywele zimekataa kuota juu yake.
Moto nauwasha mimi. Yeye anakaa mbali,
bakuli la uji mapajani, analizungusha,
analizungusha polepole,
na mvuke unapanda, hakuna anayeusukuma.