Nyuzi

Niliiunda mwenyewe, juu ya meza ya kukatia ya Somoe,
kipande baada ya kipande, kwa fedha ya korosho za mzee:
mazabodi imekuja na basi la usiku kutoka Kariakoo,
prosesa ndogo kama kashata,
feni yenye taa za buluu ambazo sikuziomba.
Nikabonyeza. Ikaamka.
Somoe akaja na mkasi mkononi, uzi begani,
akasikiliza, akasema,
"Inanguruma kama mashine ya kusaga ya Nandonde."

Dakika kumi na moja. Kisha kioo cheusi.

Nikaiwasha tena: dakika tisa.
Tena: sita.

Kwanza niliulaumu umeme,
maana umeme wa Masasi umezoea lawama, haujibu.
Nikaazima stabilaiza kwa Chitanda fundi friji;
ikazimika vilevile, ila kwa heshima zaidi.
Nikaulaumu mwezi wa kumi na moja, bati lisilo na dari,
vumbi la Mkuti linaloingia hata kwenye sukari.
Nikaichomoa ramu, nikaisugua miguu kwa kifutio cha mtoto,
nikairudisha mpaka ikalia ta.
Nikamlaumu muuzaji, kimoyomoyo,
halafu kwa simu, kwa maneno ambayo mama hakunifundisha.

Usiku feni yetu ya mezani ililala na kompyuta.
Somoe alilala na jasho.

"Nyuzi ngapi leo?" akiniuliza asubuhi
huku akijaza bobini.
Tisini na moja.
Tisini na nne.
Tisini na saba, na maji ya chai huchemka kwa mia.
"Mimi nyuzi zangu zikizidi hukata," akasema,
akakata kwa meno.

Wiki ya tatu mama akaja kutusalimu.
Miaka thelathini na mmoja ya wodi, hospitali ya Mkomaindo,
hawezi kupita karibu na kitu kinachougua asikiguse.
Akapenyeza mkono ubavuni mwa mashine,
akaweka mgongo wa kiganja juu ya mapezi ya alumini,
yale yanayotakiwa kubeba moto nje.
"Hapa pa baridi."
Nikamwambia, mama, hii inaungua.
"Najua. Ndiyo maana nakwambia hapa pa baridi.
Mtu ana homa inayomfanya aweweseke
na nyayo zake ni barafu:
huyo hatukumwacha alale, tulimwita daktari."

Skrubu nne.
Mkono wangu ulishajua kabla ya macho.
Chini ya mapezi, nailoni:
nyembamba, angavu, kama ngozi ya ndani ya yai la kuchemsha,
na maandishi mekundu, yana hata alama ya mshangao,
kwamba nibandueni kwanza.
Dawa ya kupitisha joto nilikuwa nimeipaka vizuri sana,
imeenea kila pembe, kwa upendo kabisa,
juu ya nailoni.

Somoe alicheka mpaka akakaa chini.
Mama hakucheka. Aliuliza kama kuna spiriti.

Nje, jua lilikuwa limezama tangu saa kumi na mbili,
na mawe ya mlima Mtandi bado yanalirudisha
taratibu, kwa yeyote anayepita.
Hata jiwe hujua pa kulipeleka joto.
Mimi nilikuwa nimelifungia chumbani na kulikemea kwa kubisha mlango.

Tukafuta. Tukapaka upya, kiasi cha punje ya mbaazi.
Skrubu kwa mshazari, kidogo huku, kidogo kule,
mama akishika tochi kama anamshikia daktari wa upasuaji.

Hamsini na nane.
Dakika kumi na moja zikapita, hakuna aliyesema kitu.
Arobaini. Mtoto akasinzia.

Yule wa Kariakoo sijampigia.
Nimeandika ujumbe, nikaufuta, nikaandika "Kaka".
Ile nailoni nimeibandika ukutani, juu ya swichi.
Kila nikipita napenyeza mkono niyaguse mapezi:
yana uvuguvugu,
kama shingo ya mtoto aliyeamka sasa hivi.