Mfupa wa Paja

Kwenye banda la Chilumba, Newala,
nyuma ya ghala la chama cha msingi,
kiingilio mia tano, watoto mia mbili,
Likwati alikuwa akitafsiri miungu.
Kipaza sauti chake kimefungwa mpira wa baiskeli,
na yule bwana wa radi, nywele kama ndevu za hindi bichi,
akawa anasema Kiswahili chenye Kimakonde ndani yake,
analiambia jitu la barafu: "Leo utanitambua!"
Tukapiga mabenchi kwa viganja.

Nyundo ikarushwa, ikagonga, ikarudi mkononi.
Somoe muuza supu akauliza kwa sauti:
"Nyundo gani hiyo inarudi yenyewe?
Mimi jembe nililomuazima Mnali
tangu mwaka juzi sijaliona."

Nje, Novemba. Korosho zimeanikwa kwenye maturubai,
na kila birika la saruji limebaki na tope na chura mmoja.
Ndivyo tulivyo huku juu:
mtu anaiomba mvua kwa ajili ya birika
na kuilaani kwa ajili ya korosho,
hajui anyanyue mkono upi.

Kisha ikapasuka.
Si ya kwenye spika. Ya kwetu,
imepanda ukingo kutoka bonde la Ruvuma.
Transfoma ikatema cheche,
na mungu akanywea katikati ya kioo
akawa nukta nyeupe, punje ya ufuta,
akazimika.

"Rudisha hela!"
"Radi si yangu," akajibu Chilumba.
Wenye korosho wakatoka mbio, mashati vichwani.
Tukabaki tusio na cha kufunika:
watoto, Somoe na sufuria lake, mimi na mguu wangu.

Likwati akaweka kipaza sauti chini.
"Kaeni. Nawapa ambayo haimo kwenye mkanda.
Huko kwao, kwenye baridi inayoishinda Julai yetu,
hakuwa kijana wa misuli ya kupaka mafuta.
Mzee mwenye ndevu nyekundu, mlafi,
gari lake linavutwa na mbuzi wawili.
Hizi ngurumo ni magurudumu.

Usiku mmoja akalala kwa mkulima asiye na kitoweo.
Akachinja mbuzi wake mwenyewe, wote wawili.
Akasema: kuleni mshibe, ila mifupa
iwekeni juu ya ngozi, mizima.
Alfajiri akainua nyundo juu ya ngozi zile.
Mbuzi wakasimama, wakajikung'uta,
mmoja akawa anachechemea.
Mtoto wa mwenye nyumba, usiku,
alipasua mfupa wa paja afyonze uboho."

Kimya. Kwenye giza
tukasikia mfupa ukitolewa mdomoni,
ukilazwa juu ya bati, taratibu.
Kisha mwingine. Kisha mwingine.
Umeme wa mbingu ukamulika: bakuli saba,
mifupa imepangwa kama wagonjwa wodini,
na Nampoto mdogo, macho yamemtoka,
ameushika wake vipande viwili, anajaribu kuuunga.

Mimi nachechemea tangu nilipodondoka mkorosho wa baba.
Miaka yote nalaumu tawi.
Sikuwahi kujiuliza ni nani, kabla sijaamka,
aliyekuwa na njaa kiasi hicho.

"Alimuua?" Nampoto akauliza, sauti imepasuka.
"Nani?"
"Yule mtoto."
"Hasira zilimpanda, nyundo ikawa nyeupe mkononi.
Kisha akamwona baba mtu anavyotetemeka.
Akamchukua mtoto, wakasafiri pamoja."
"Na mbuzi?" akauliza Somoe.
"Mbuzi anavuta gari mpaka leo. Hivyohivyo. Sikilizeni."

Tukasikiliza.
Mvua ilikuwa imeanza kugonga bati,
na juu yake, kuelekea Kitangari, lile gari likapita:
mvumo mrefu, mfupi.
Mrefu,
mfupi.

Somoe akahesabu bakuli zake gizani, kwa vidole.
Nikatoka. Mnali alikuwa anapiga kelele ashikiwe turubai.
Nikamwendea, mrefu, mfupi,
nikashika pembe moja.
Pembe nyingine ilikuwa imezuiwa na jembe.